Maduara yanayotembea na watu wasiohesabiwa

Wengi kati yenu mmekwisha kuona kwenye ordinatere ao kwenye telefone ile picha ya maduara yanayotembea, ambayo Hans Rosling, mganga wa Uswidi, aliijulisha duniani. Wengine wameanza kuitumia katika mafundisho. Kwa hiyo tunataka kuipima hapa, tuseme wema wake, na kosa lake vilevile.

Picha yenyewe ni hivi. Kila duara ni nchi moja. Ukubwa wake waonyesha wingi wa watu, na rangi yake sehemu ya dunia. Likienda kuume, watu wamepata mali zaidi. Likipanda juu, wanaishi miaka mingi zaidi. Chini kuna mstari wa miaka tangu 1800. Ukisogeza alama yake kwa kidole, nchi zote zinaanza kutembea mbele ya macho yako. Rosling aliyaonyesha maduara hayo huko Monterey, Marekani, mwaka 2006, na mwaka 2007 kampuni la Google likanunua programu yake. Shirika la Gapminder, alilolianzisha mwaka 2005 pamoja na mwana wake Ola na mkwewe Anna, linaitoa picha hiyo bure hata leo.

Wema wake ni mkubwa. Kwanza, hesabu zilizolala katika vitabu vinene zimeamka, na mtoto wa shule anaweza kuzifahamu. Pili, picha yavunja neno la zamani, ya kama dunia ni mafungu mawili tu, matajiri upande huu na maskini upande ule. Maduara yanafuatana toka chini mpaka juu, wala hakuna shimo katikati.

Sasa kosa. Tutazame duara la Kongo. Latembea mwaka kwa mwaka bila kujikwaa: 1985, 1995, 2005, 2015. Basi tuulize: ni nani aliyepita nyumba kwa nyumba? Hesabu ya mwisho ya watu wote wa Kongo ilifanywa mwaka 1984, nayo ilipata watu karibu milioni 30. Leo inasemwa ya kama tunapita milioni 100, lakini hayo ni makadirio ya wataalamu. Katika Uswidi kila kuzaliwa na kila kufa kwaandikwa. Hata hivi duara la Uswidi na duara la Kongo yamechorwa kwa uthabiti uleule. Ni kweli, Gapminder wenyewe wameandika ya kama hesabu nyingi za kale ni za kukisia. Lakini maneno hayo yako mbali, na macho yako kwenye duara. Mtoto anayelisogeza anazani ameuliza swali na kujibiwa. Kumbe amevuta kamba tu. Tungependa duara la nchi isiyohesabiwa lichorwe kwa mstari uliokatika-katika, ili kila mtu ajue mara moja.

Rosling mwenyewe alijua kuulizwa ni nini. Katika kitabu Factfulness, kilichotoka mwaka 2018, nyuma ya kufa kwake, anasimulia alivyofika Makanga, katika Bandundu, mwaka 1989. Alikuwa akichunguza konzo, ugonjwa unaolemaza miguu ya watu wanaokula mihogo michungu isiyolowekwa vizuri. Alipotaka kupima damu, watu walikasirika, wengine wakashika mapanga: damu yetu ni ya nini? Ndipo mama mmoja aliposimama. Aliwakumbusha watoto waliokufa kwa surua mpaka chanjo ilipofika, na ya kama chanjo ilitoka katika uchunguzi kama huo. Kisha akatoa mkono wake, apimwe. Pale watu waliuliza, wakajibiwa, wakaamua. Kwetu ukurasa huo wapita maduara yote.

Basi, mwalimu aitumie picha, lakini afikapo Kongo asimame, awaache wanafunzi waulize: nani alihesabu, na mwaka gani?

Na sisi mapadri tusijitoe katika swali hilo. Hesabu za Uswidi zilianza mwaka 1749, nazo zilitoka katika vitabu vya maparokia. Wachungaji wa kule waliandika waliozaliwa na waliokufa. Lakini sisi, mara ngapi tumejaza status animarum kwa kukisia, usiku wa mwisho, mbele ya kutuma karatasi kwa askofu? Katekista wa kijiji cha mbali alijua majina yote, wala hatukumwuliza. Ndugu waseminari, mtakapopewa parokia, fungueni kwanza kitabu cha ubatizo na kitabu cha wafu. Kisha pandeni pikipiki, mwende kumwuliza katekista.