Neno Moja Dogo katika Azimio la Arusha

Wengi wanapolijadili Azimio la Arusha la mwaka 1967 hushika miiko ya viongozi na kutaifishwa kwa mabenki, kana kwamba hayo ndiyo yote. Kwangu mimi, sehemu yake bora ni ile inayomzungumzia mkulima. Humo TANU ilisema bila kuficha kwamba hospitali kubwa na barabara za lami hujengwa mijini kwa mikopo, na kwamba mikopo hiyo hulipwa kwa mazao yauzwayo nje, yaani kwa jasho la mtu wa shamba. Ikaonya kuwa mji unaweza kukinyonya kijiji. Mkulima wa kahawa wa Kibosho au Marangu hakuhitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Hata hivyo, uzuri wa fikra haufuti udhaifu wa maandishi. Azimio linataka njia kuu za uchumi zishikwe na wakulima na wafanyakazi kupitia serikali yao na vyama vyao vya ushirika. Hapo neno dogo "na" limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Je, vyombo hivyo viwili vikigongana, mkulima ashike kipi? Azimio liko kimya.

Kilimanjaro swali hilo lilikuwa na uzito wake. Wakulima wa kahawa wa huko waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU mjini Moshi, miaka 28 kabla ya Uhuru. Azimio liliukuta ushirika, halikuuleta.

Jibu lilikuja mwaka 1976. Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, KNCU ikiwamo, na kahawa ikawekwa chini ya mamlaka ya serikali. Waliotetea hatua hiyo hawakukosa hoja, maana tume ya mwaka 1966 ilikwisha kukuta wizi na uzembe katika ushirika. Lakini mwizi akiingia nyumbani hufukuzwa mwizi, haibomolewi nyumba. Kiongozi mbaya wa ushirika angeweza kuulizwa mkutanoni na kunyimwa kura. Mkubwa wa mamlaka aliteuliwa na serikali, na mkulima hakuwa na kura juu yake.

Vyama vikuu vilirudishwa mwaka 1984, na mwaka 1994 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Imani ya watu, hata hivyo, hairudishwi kwa sheria. Bei ya dunia nayo ilianguka baada ya mgawo wa kimataifa wa kahawa kuvunjika mwaka 1989, na wapo waliong'oa mibuni kihambani wakapanda mahindi na nyanya.

Silaumu ujamaa kwa hayo yote. Ninalolaumu ni kwamba Azimio lilimtetea mkulima kwa maneno mazito, likamhimiza afanye kazi kwa juhudi na maarifa, kisha halikumwekea mahali pa kusema hapana. Anayetaka leo kuandika mpango mwingine wa maendeleo yetu aanzie hapo.