Kula ni lazima: jinsi nyumba inavyotegwa kwenye bao

Mtu akishinda bao mara tatu mfululizo Sumbawanga, haichukui muda kabla mtazamaji mmoja hajatania kwamba ana mganga wake. Mji una sifa yake nchini, na utani huo umezoeleka. Wenye heshima zaidi watasema mshindi ana hesabu, yaani anaona kete zitakapolala kabla hajazigusa. Kauli hizi mbili zinafanana kuliko wanavyodhani wenye kuzitoa, kwa sababu zote zinauficha ushindi ndani ya kichwa cha mtu, mahali ambapo hapachunguziki. Ninachotetea mimi ni kwamba sehemu kubwa ya ushindi iko juu ya ubao wenyewe, kwenye kanuni ambayo kila mtoto aliyewahi kukaa karibu na bao anaijua, lakini wachache wanaitumia kama silaha: anayeweza kula hana ruhusa ya kukataa. Mchezaji hodari hamwachii mpinzani wake kazi ya kuchagua. Anampa kitu cha kula, tena pale anapotaka yeye kiliwe.

Ili hoja hii isibaki maneno, tuifuate kete kwa kete tangu zamu ya kwanza. Bao la kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Pwani kete ni komwe, mbegu za mkomwe unaoota kando ya bahari. Huku Ufipa, kwenye nyanda za juu zilizo mbali na chumvi, vijiwe laini vinafanya kazi ileile na havilalamiki. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Zile 10 hukaa safu ya mbele: sita ndani ya shimo maalumu liitwalo nyumba, na mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata kulia kwake. Nitayahesabu mashimo ya mbele kutoka kushoto kwa mwanzilishi, la 1 hadi la 8, kwa safu zote mbili zinazotazamana. Basi mwanzilishi ana nyumba kwenye la 5, na kete mbili mbili kwenye la 6 na la 7. Mpinzani, kwa kuwa amekaa ng'ambo, ana nyumba kwenye la 4, na mbili mbili kwenye la 3 na la 2. Tazama mpangilio huo vizuri: hakuna shimo hata moja lenye kete linalotazamana na lenye kete. Ndiyo maana mwanzilishi hawezi kula. Lazima atakate, yaani atie kete moja ya mkononi kwenye shimo lenye kete, kisha azisambaze zote za shimo hilo kulia au kushoto.

Wengi hutakata kulia, kuelekea kona, na sababu yao inaeleweka: kete zinakwenda mahali ambapo haziwezi kuliwa. Chukua njia nyingine. Mwanzilishi anatia kete yake shimo la 6, zinakuwa tatu, anazisambaza kushoto. Ya kwanza inaingia nyumba, ambayo sasa ina saba. Ya pili inaangukia la 4. Ya tatu inalala la 3, shimo lililokuwa tupu. Kwa jicho la haraka amejianika: kete mbili, mojamoja, mbele ya mashimo yaliyojaa. Lakini angalia zinatazamana na nini. Ile ya 4 iko mbele ya nyumba ya mpinzani yenye kete sita, na ile ya 3 iko mbele ya shimo lenye mbili. Mpinzani ana njia mbili za kula na hana njia ya kutokula. Akila ile ya 3, kete aliyoila inaishia kwenye kichwa chake kitupu, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, na kulala hapohapo, na zamu inarudi kwa mwanzilishi, ambaye anatia kete la 4 na kuibeba nyumba nzima kwenye zamu yake ya pili. Kwa hiyo kwa mchezaji anayejua anachofanya njia ni moja tu: kula ile ya 4 kwa kete anayoitia nyumbani, nyumba ifike saba, na kukubali kupoteza mbili za shimo la 3.

Anabakiwa na uamuzi mmoja, nao ni mzuri kuutazama kwa karibu. Kete aliyokula anaweza kuianzisha kichwa cha kulia au cha kushoto, la 1 au la 8 kwa hesabu yetu. Mwanzilishi atakula kwa shimo la 3, lazima, maana hana kula kwingine, na atapata kete mbili za kusambaza. Naye pia atachagua kichwa. Jaribu njia zote nne ubaoni. Mwanzilishi akianzia kichwa kilekile ambacho mpinzani ameweka kete yake, mpinzani anapata njia mbili za kula. Akianzia kichwa cha ng'ambo, mpinzani anabaki na moja. Tuseme mpinzani ameiweka la 1. Mwanzilishi anaanzia la 8: kete moja pale, ya pili inaingia la 7 lenye mbili na kuzifanya tatu, na kwa kuwa mbele yake ni patupu anaziokota na kuendelea kushoto, moja la 6, moja nyumbani, ya mwisho inalala la 4. Kete moja tena mbele ya nyumba! Mpinzani hana kula kwingine isipokuwa kwa nyumba ileile. Akishaila, popote atakapoianzisha, mwanzilishi naye atakuta kula moja tu, ama kwa la 3 ama kwa la 8. Hapo wachezaji wote wawili wamefungwa kamba moja, ila aliyeishika ni yule aliyetoa kete ya kwanza.

Sidai kwamba ufunguzi huu unashinda mchezo. Ukipiga hesabu ya kilicholiwa hadi hapo, mwanzilishi amezidi kwa kete moja, na kete moja kati ya 64 si kitu. Ninachodai ni kwamba katika zamu zote hizo mpinzani hakupata nafasi ya kufanya jambo lake mwenyewe. Hakujenga, hakupanga, hakuficha. Alijibu. Mchezaji mgumu anaweza kuendeleza hali hiyo muda mrefu, mpaka safu ya mbele ya mwenzake ibaki na nyumba peke yake. Hapo kanuni nyingine inamfuata: akitakiwa kutakata na hana shimo jingine la mbele, anatoa kete mbili nyumbani, na zamu inayofuata akiwa katika hali hiyo anatoa mbili nyingine. Nyumba inaliwa na mwenyewe.

Wafipa wenyewe wana simulizi inayojua jambo hili. Kwenye masimulizi ya asili ya utawala wao, ambayo mwanaanthropolojia Roy Willis aliyachunguza alipofanya utafiti nyanda hizi miaka ya 1960, wanawake watatu wa ukoo wa Watwa walifika Milansi wakati mtawala, Ntatakwa, ameenda kuwinda. Hawakuja na jeshi. Waliketi kwenye kiti cha utawala, na aliporudi alikuta kimeshakaliwa, naye akafungwa na desturi ileile iliyompa yeye utawala: mwenye kiti ndiye mtawala. Milansi ilibaki na ardhi yake ndogo na heshima ya mambo ya jadi, nchi ikaenda kwa wengine. Hiyo ni simulizi, na wanahistoria wana ya kusema juu yake. Ila walioitunga walielewa kwamba kanuni inayokulinda leo ndiyo itakayokushika kesho.

Pingamizi la kwanza na lenye nguvu ni la wenye kusema hesabu. Mholanzi Alexander de Voogt alikaa na mafundi wa bao wa Zanzibar, na tasnifu yake ya mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha Leiden ilihusu hasa mipaka ya akili: kiasi gani cha mizunguko mtu anaweza kukiona bila kugusa kete. Uwezo huo upo, na atakayebisha hajawahi kumtazama fundi akiacha kusambaza katikati kwa sababu tayari anajua mwisho wake. Lakini jiulize unapatikanaje. Kama mpinzani angekuwa na njia sita kila zamu, na wewe sita, zamu nne mbele ni hali zaidi ya elfu moja. Akiwa na njia moja moja, zamu nne ni mstari mmoja ulionyooka. Fundi anaona mbali kwa sababu amelipeleka bao mahali ambapo njia ni chache. Mwanafunzi anayemwiga kwa kukariri mizunguko mirefu, bila kujifunza kwanza kumfunga mwenzake, anabeba mzigo ambao fundi aliutua zamani.

Pingamizi la pili linatoka mbali zaidi. Mpenzi wa Go, ule mchezo wa mawe meusi na meupe unaochezwa Uchina, Korea na Japani kwenye ubao wa mistari 19 kwa 19, atasema mchezo wenye kulazimisha hivyo ni mchezo wa mashine. Kwenye Go hakuna kula kwa lazima. Mtu anaweza hata kupita zamu yake. Haki yake. Lakini tuangalie mchezo wa Go uliopiganwa vikali mbele ya dunia: Machi 13, 2016, mjini Seoul, mchezo wa nne kati ya Lee Sedol na programu ya AlphaGo. Lee alikuwa amepoteza mitatu. Akiwa na mawe meupe, alimwachia mpinzani kujenga eneo kubwa katikati, kisha jiwe la 78 akalichomeka ndani kati ya mawe ya adui. Programu ilijibu vibaya, ikazidi kuharibu, na ilijiuzulu baada ya jiwe la 180. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba jiwe la 78 lilikuwa na jibu. Yaani mtego ule, uliosifiwa kwa haki, ulitegemea mtegwa akosee. Mtego wa shimo la 4 hautegemei kosa: jibu bora kabisa bado linagharimu kete mbili. Sioni kwa nini huo uwe ufundi mdogo zaidi. Ni ufundi wa aina nyingine, wa kuisoma sheria hadi ikutumikie.

Kuna pingamizi la tatu, na hili nalikubali nusu. Wapo wanaoamini kwamba bao halisi huanza kete za mkononi zikiisha, kwenye mtaji, na ndiyo maana anayeanza kufundishwa hupewa bao la kujifunza, lenye kete mbili mbili kila shimo na hakuna namua, yaani hatua ya kutia kete za mkononi. Kwa mwanafunzi ni sawa, anajifunza kusambaza. Lakini anajifunza pia kwamba zamu 22 za namua ni utangulizi tu, na hapo anapotezwa. Anayeingia kwenye mtaji akiwa na safu ya mbele chakavu na nyumba iliyokwisha kusafiri, yaani kusambazwa, hana cha kuhesabu. Tena kulazimisha hakukomi pale. Kwenye mtaji kuna kutakasia: wote wawili wakiwa hawana cha kula, mmoja akitakata kwa namna inayoacha shimo moja tu la mwenzake likitazamiwa kuliwa, mwenzake haruhusiwi kulichezesha shimo hilo, isipokuwa liwe nyumba yake, au shimo pekee la mbele lililobaki na kete, au pekee lenye kete zaidi ya moja. Analiona linakwenda, kete ziko mbele ya vidole vyake, na anatakiwa acheze kwingine.