Neno la kubuni ndilo mizani ya shadda, si orodha ya kukariri

Mwanafunzi wa sekondari anayejiandaa kwa KCSE hukariri kwamba neno la Kiingereza ‘record’ likiwa nomino hubeba shadda mwanzoni, na likiwa kitenzi huibeba mwishoni. Hukariri ‘import’, hukariri ‘permit’. Akipata alama tunasema anaijua kanuni. Mimi nina shaka. Kasuku naye hurudia alichosikia.

Ndiposa navutiwa na uchunguzi unaotumia maneno ya kubuni. Mwaka 2003, Susan Guion na wenzake walichapisha utafiti ambapo wazawa wa Kiingereza walipewa maneno ya silabi mbili yasiyo na maana, mara yawe nomino, mara vitenzi. Mambo matatu yalionekana kuongoza shadda: muundo wa silabi, aina ya neno, na mfanano wake na maneno yanayojulikana.

Hilo la tatu ndilo linaloniumiza kichwa. Hebu tubuni ‘nalbeen’. Wengi wataweka shadda mwishoni. Je, ni kwa sababu ya irabu ndefu, au ni kwa kuwa linafanana na ‘canteen’? Jamani, hakuna neno la kubuni lisilo na jamaa! Mtafiti asipouchunga ukoo huo atadhani amepima kanuni, kumbe amepima kumbukumbu. Guion na wenzake waliupima mfanano kama kigezo kinachojitegemea, na hiyo ni sifa yao. Upungufu ni kwamba silabi mbili hazitoshi. Tazama jinsi shadda inavyohama katika ‘photograph’, ‘photographer’ na ‘photographic’.

Hata hivyo, silabi mbili zina faida kwetu. Shadda ya Kiswahili kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ukiondoa maneno machache kama ‘lazima’. Nikibuni ‘patulika’, utaikaza ‘li’ bila kufikiri. Katika neno la silabi mbili, mazoea hayo hutua kwenye silabi ya kwanza. Basi aliyelelewa kwa Kiswahili anaweza kuipatia nomino ya Kiingereza kwa bahati tu. Kitenzi ndicho kitakachomuumbua.

Mwalimu mwenzangu, unapotunga zoezi la maneno kumi, tia vitenzi viwili ulivyobuni mwenyewe. Wanafunzi watacheka, lakini utajua nani ameelewa na nani amekariri.