Mshipa Usiopiga

Wembe ulipita mara tatu kwenye panja la kushoto, ukaacha kiraka cha ngozi kisichozidi sarafu ya shilingi 200. Bibi aliyempakata mjukuu wake akasema maneno niliyoyasikia zaidi ya mara moja katika wodi za watoto hapa Chato: “Sista, kichwani hapana.”

Ana sababu zake. Dripu ya kichwani ina sifa mbaya huku kwetu. Watu huiona kwa watoto waliokwisha kuzidiwa, na baadhi yao hawarudi nyumbani. Basi lawama inaangukia sindano. Lakini Geita, mkoa wetu, ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na malaria kali ikimkamata mtoto wa miezi sita, damu inapungua, maji yanapungua, vidole vinapoa, na mishipa ya viganjani inanywea mpaka hata kwa tochi huioni. Mtoto wa kilo sita, damu yake yote haifiki nusu lita. Muuguzi akishajaribu mkono huu, mkono ule na mguu, kinachobaki ni kichwa.

Yule muuguzi hakubishana. “Bibi, nishikie kichwa hivi, kwa viganja viwili. Mimi usiniangalie, mwangalie yeye.” Kisha akachukua mpira mwembamba, kama ule wa dukani wa kufungia noti, akauvisha kuzunguka kichwa cha mtoto juu ya nyusi. Kabla ya hapo alikuwa ameubandika kipande cha plasta, kikaning'inia kama kijishikio. Nilidhani ni mapambo tu. Baadaye ndipo nilipoelewa: kazi ikiisha, mpira unanyanyuliwa kwa kile kijishikio na kukatwa kwa mkasi, usije ukamchapa mtoto wala kuing'oa sindano. Hiyo ndiyo akili ya ufundi ninayoipenda, ile inayoitazama hatua ya mwisho kabla ya kuianza ya kwanza.

Mwaka 1628 tabibu Mwingereza William Harvey alichapa kitabu kilichoonyesha kwamba damu huzunguka mwilini, na ushahidi wake mmoja ulikuwa mkono wa mtu uliofungwa kitambaa, mishipa ikivimba chini ya fundo. Mpira wa kichwani unafanya kazi ileile, ila hapa mtoto mwenyewe anasaidia kwa kulia. Akikaza kifua kwa kilio, damu inayoteremka kutoka kichwani inakuta njia imebana, inarudi nyuma, na mishipa ya panjani inatutumka rangi ya samawati. Mama wa mtoto alikuwa anahangaika kumbembeleza anyamaze. Muuguzi akasema, “Mwache alie kidogo, mama. Ananionyesha.”

Kiswahili chetu kina ubahili mahali hapa. Unaopeleka damu ni mshipa, unaoirudisha ni mshipa, mshipa wa fahamu haubebi damu hata tone, na mzee akisema anasumbuliwa na mshipa, huenda ana ngiri. Vitabuni kuna ateri na vena, nami sina ugomvi nayo. Ila pale kitandani nilisikia maneno mawili tu: unaopiga na usiopiga.

Mbele ya sikio, mwanzo wa panja, miwili hiyo hupita karibu karibu kama vijia vya ng'ombe. Muuguzi alilaza kidole cha shahada pale, akafumba macho. Kidole kilipoona mdundo, kikasogea. Nilimkumbuka mvuvi wa mshipi ziwani, anayejua kwa kidole, gizani, kama ni samaki au ni jani. (Mshipi na mshipa, tofauti ni herufi moja.) Wapo wanaochana ncha ya glavu ili kidole kisikie vizuri zaidi. Haitakiwi, na yeye hakufanya hivyo.

Akiukosea mshipa, mwili unamwambia mara moja. Damu inatoka nyekundu ya kung'aa, inarukaruka, na akisukuma maji kidogo ngozi inapauka. Hapo anachomoa na kukandamiza dakika kadhaa bila kuchungulia. Siku ile hakukosea hivyo, lakini jaribio la kwanza lilimharibikia hata hivyo: mshipa ulipasuka, pakavimba kama punje ya maharage. Alisema “pole, baba” kwa mtoto, si kwa sisi, akahamia upande wa kulia.

Utosini hakugusa. Chini ya pale palipo laini, panapocheza, kuna mfereji mkubwa wa damu itokayo kwenye ubongo, na mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwapo madaktari wa nchi za Magharibi waliopitisha sindano papo hapo kuwatia watoto damu na maji. Njia hiyo iliachwa. Na hata panjani, pamba ya spiriti husuguliwa kwa bidii kwa sababu vimishipa vidogo hutoboa fuvu na kuunganisha ngozi ya kichwa na mifereji ya ndani. Uchafu ukipata njia, una pa kwenda.

Mara ya pili sindano ya njano, namba 24, iliingia ikielekea chini, sikioni. Mwanafunzi wa uuguzi aliyesimama kando alikuwa ametarajia ielekee juu. Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wake, lakini unapokea takriban robo tatu ya lita ya damu kila dakika kwa mishipa minne, miwili mbele ya shingo na miwili iliyopenya matundu ya pingili za nyuma. Damu yote hiyo hairundikani kule juu, inashuka. Dawa iwekwe kwenye njia ya kushuka.

Tone la damu nyeusi-nyekundu likapanda taratibu kwenye mrija. Mpira ukanyanyuliwa, ukakatwa. Plasta, kikombe cha karatasi kilichokatwa nusu kufunika, tarehe na saa kwa kalamu.

“Sasa haya maji yanaenda kwenye ubongo?” bibi akauliza.

Muuguzi akapitisha kidole hewani, bila kumgusa mtoto: mbele ya sikio, nyuma ya taya, ubavu wa shingo, chini ya mtulinga. “Moyoni, bibi.”

Bibi akajigusa shingo yake, akatafuta, akatulia. “Huu hapa. Unadunda.”

“Huo ndio unaopanda. Wa kushuka uko jirani yake, ila hausemi.”

Muuguzi alikuwa amekwisha fika kitanda cha pili. Bibi akabaki na vidole viwili kando ya koo, anavisogeza kidogo kidogo, anasikiliza.