Sauti Iliyoazimwa: Koizumi Kyoko kati ya Uimbaji na Uigizaji katika Tamthilia ya Runinga *Amachan*

1.0 Utangulizi

Wasifu wa waimbaji walioingia katika uigizaji wa runinga huandikwa mara nyingi kwa mpangilio mmoja: msanii alivuma akiwa kijana, sauti ikachuja, kisha runinga ikamwokoa. Katika mpangilio huo uimbaji ni ujana na uigizaji ni utu uzima, na kazi ya mwandishi ni kuonesha siku ambayo msanii alivuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Makala haya yanaupinga mpangilio huo kwa kuchunguza maisha ya kisanaa ya Koizumi Kyoko, mwimbaji na mwigizaji wa Japani aliyezaliwa Atsugi, mkoani Kanagawa, tarehe 4 Februari 1966. Majina ya Kijapani yameandikwa kwa kutanguliza jina la ukoo, kama ilivyo desturi ya wenyewe.

Hoja kuu ya makala ni kwamba Koizumi hakuacha uimbaji ili aigize. Uigizaji ndio uliompa mahali pa kuuhoji uimbaji, hususan swali ambalo biashara ya muziki wa pop hupendelea lisiulizwe: sauti ya mwimbaji ni mali ya nani?

Msomaji wa Kiswahili hana ugeni na swali hili. Shaaban Robert, katika *Wasifu wa Siti Binti Saad*, alimsawiri mwimbaji ambaye sauti yake ilimpandisha hadhi katika jamii iliyompima mwanamke kwa nasaba na sura. Siti aliporekodi santuri zake Bombay mwaka 1928, sauti hiyo ilianza kusafiri peke yake na kuwafikia watu ambao hawakupata kumwona. Hata hivyo, santuri ilibaki na jina lake. Mfano wa Japani unaojadiliwa hapa unauliza inakuwaje pale sauti inaposafiri kwa jina la mtu mwingine.

2.0 Kiunzi cha Uhakiki

Uchambuzi huu unaongozwa na mawazo mawili. La kwanza ni dhana ya taswira ya nyota iliyofafanuliwa na Richard Dyer katika kitabu chake *Stars* cha mwaka 1979. Kwa Dyer, nyota hasomwi kama mtu binafsi bali kama matini inayojengwa na kazi zake, matangazo, habari za magazeti na maoni ya wahakiki. La pili ni mwingilianomatini, dhana iliyoasisiwa na Julia Kristeva, inayosisitiza kwamba kila matini hubeba mwangwi wa matini nyingine. Kwa kuyaunganisha mawazo hayo, tunaweza kusema kwamba mwimbaji anapoingia katika tamthilia huingia na nyimbo zake zote. Mtazamaji humsikiza mhusika huku akikumbuka mwimbaji. Mtunzi mahiri huitumia kumbukumbu hiyo. Asiye mahiri hujaribu kuificha.

3.0 Santuri na Runinga: Njia Mbili Zilizokwenda Pamoja

Koizumi alichaguliwa mwaka 1981 kupitia *Star Tanjo!*, kipindi cha kusaka vipaji kilichorushwa na Nippon Television kati ya mwaka 1971 na 1983. Santuri yake ya kwanza ilitoka tarehe 21 Machi 1982. Mwaka huo ulizaa waimbaji wengi wa aina yake, wakiwemo Nakamori Akina na Hori Chiemi, hata ukawa na sifa ya pekee katika historia ya muziki wa pop wa nchi hiyo. Wajapani humwita mwimbaji wa aina hiyo *aidoru*: kijana anayekuzwa na kampuni ya wasanii ili apendwe na umma, akichaguliwa nyimbo, mavazi, maneno ya kusema na hata namna ya kutabasamu. Ubora wa sauti ni sehemu tu ya sifa zake, na si lazima uwe sehemu kubwa.

Mwanzoni Koizumi alifuata kigezo kilichokuwapo. Nywele zake zilikatwa kwa mtindo wa Matsuda Seiko, nyota aliyetawala miaka hiyo na kuigwa na wasichana wengi. Mwaka 1983, wakati wa wimbo *Makka na Onnanoko*, alizikata fupi bila kuishauri kampuni yake. Tendo hilo laweza kuonekana dogo, lakini kwa kiunzi cha Dyer lina uzito: nyota alihariri matini ambayo wengine walikuwa wakiiandika kwa mwili wake. Miaka miwili baadaye ulitoka *Nantettatte Aidoru*, wimbo ulioandikwa na Akimoto Yasushi na kutungiwa muziki na Tsutsumi Kyohei. Humo mwimbaji anaizungumzia kazi yenyewe ya kuwa *aidoru*, kwa furaha iliyochanganyika na kejeli. Sauti ya Koizumi ni nyepesi na haina mawanda mapana. Nguvu yake imo katika namna anavyouimba wimbo kama mtu anayejitazama akiimba. Hiyo tayari ni stadi ya uigizaji.

Mfuatano wa miaka nao unaukana mpangilio wa kawaida wa wasifu. Mwaka huohuo wa 1985 Koizumi alikuwa mhusika mkuu wa tamthilia ya runinga ya TBS, *Shojo ni Nani ga Okotta ka*. Mwaka 1991 aliigiza binti katika *Papa to Natchan*, pamoja na Tamura Masakazu. Wimbo wa tamthilia hiyo, *Anata ni Aete Yokatta*, aliuimba mwenyewe kwa maneno aliyoyaandika mwenyewe, na nakala zake zilizouzwa zilivuka 1,000,000. Kwa hiyo runinga haikuja kuziba pengo la muziki uliokwisha. Ufanisi mkubwa wa mauzo wa Koizumi mwimbaji ulipatikana kwa njia ya tamthilia, na ulipatikana pale alipoanza kusema kwa maneno yake.

Baadaye nafasi zake zilibadilika kulingana na umri, jambo ambalo tasnia ya *aidoru* huliogopa. Katika *Suika* ya mwaka 2003 aliigiza mfanyakazi mtoro aliyeiba yeni 300,000,000 za mwajiri wake. Katika filamu ya Kurosawa Kiyoshi, *Tokyo Sonata* ya mwaka 2008, alikuwa mama wa nyumba ambayo baba ameficha kwamba amepoteza kazi. Katika *Saigo kara Nibanme no Koi* ya mwaka 2012 alimwigiza Yoshino Chiaki, mtayarishaji wa tamthilia mwenye umri wa miaka 45 anayehamia katika nyumba kuukuu mjini Kamakura. Wahusika hawa wote wanaishi baada ya ahadi za ujana. Ndipo ikaja *Amachan*.

4.0 Haruko na Sauti Iliyoazimwa

*Amachan* ni tamthilia ya asubuhi ya NHK iliyoandikwa na Kudo Kankuro na kurushwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 28 Septemba 2013, katika sehemu 156 za dakika 15 kila moja. Koizumi anamwigiza Amano Haruko, mzaliwa wa Kitasanriku, mji wa kubuni katika pwani ya Iwate ambako wanawake huzamia kuvuna vyakula vya baharini. Mwaka 1984, siku ya uzinduzi wa reli ya mji huo, Haruko mwenye umri wa miaka 18 anapanda treni ya kwanza na kumwacha mama yake, akikusudia kuwa *aidoru* jijini Tokyo. Anarudi mwaka 2008, baada ya miaka 24, akiwa na binti yake Aki. Hakuwa nyota, na hataki kusema kwa nini.

Sababu inafunuliwa polepole. Mwigizaji chipukizi aitwaye Suzuka Hiromi alipaswa kuimba wimbo wa filamu yake, *Shiosai no Memory*, lakini hawezi kushika tuni. Meneja wake, Aramaki, alimtumia Haruko aimbe kwa siri. Santuri ilitoka na jina na sura ya Suzuka, ikapendwa. Haruko akabaki kivuli. Siri ileile iliyompatia kazi ndiyo iliyomfungia mlango, kwa kuwa nchi yenye sauti moja maarufu isingeweza kupewa sauti hiyohiyo mara ya pili kwa jina jingine.

Mgawanyo wa nafasi ndio unaobeba maana ya tamthilia. Suzuka, asiyeweza kuimba, anaigizwa na Yakushimaru Hiroko, mwigizaji aliyesifika tangu miaka ya 1980 kwa sauti safi na tulivu. Haruko, aliyeshindwa kuwa *aidoru*, anaigizwa na mmoja wa *aidoru* waliofanikiwa kupita wote wa kizazi chake. Mtazamaji wa Japani aliyefikia umri wa Koizumi anajua haya kabla ya mhusika kufungua kinywa. Hivyo kila kushindwa kwa Haruko kunasomwa sambamba na mafanikio ya Koizumi, na kuzusha wazo linaloumiza: kilichowatenganisha wanawake hawa wawili si kipaji bali ni uamuzi wa mtu aliyekaa ofisini.

Nywele zinathibitisha usomaji huu. Haruko kijana, anayeigizwa na Arimura Kasumi, ana nywele za mtindo wa Matsuda Seiko katika matukio ya nyuma. Ni zilezile ambazo Koizumi alizivaa mwaka 1982 na kuzikata mwaka 1983. Haruko ni kama Koizumi ambaye hakupata fursa ya kushika mkasi.

Katika uigizaji wenyewe, Koizumi hamfanyi Haruko kuwa mtu wa kuhurumiwa. Anampa ulimi mkali, hasira za haraka na wivu kwa binti yake, ambaye naye anataka kuwa *aidoru*. Uamuzi huu wa kifani ni sahihi. Haruko mnyonge angemwondolea mtazamaji swali; Haruko mkali anamlazimisha kuona kwamba aliyedhulumiwa anaweza naye kuwadhulumu walio karibu. Tendo lake kubwa, hata hivyo, si la kulipiza kisasi. Anakwenda Tokyo na kuunda kampuni yake ndogo ili amsimamie Aki mwenyewe. Aliyekuwa sauti bila jina anakuwa jina linaloilinda sauti ya mwingine.

5.0 Jina ndani ya Mabano

Tarehe 31 Julai 2013, tamthilia ikiwa bado hewani, *Shiosai no Memory* ilitolewa madukani. Jina la mwimbaji liliandikwa Amano Haruko, na jina la Koizumi Kyoko likafuata ndani ya mabano. Jambo hili linastahili uzito kuliko linavyopewa kwa kawaida. Ndani ya hadithi, Haruko aliimba na jina lake likafutwa. Nje ya hadithi, mhusika asiyekuwepo anapewa santuri, na nyota aliye hai anajiweka nyuma yake. Koizumi amekuwa mwimbaji kivuli wa Haruko, lakini kwa hiari na hadharani. Azima isiyofichwa haiwi wizi.

Mwisho wa mwaka huo, katika tamasha la NHK la tarehe 31 Desemba, Koizumi na Yakushimaru waliuimba wimbo huo wakiwa wahusika wao. Mbele ya taifa zima, mwenye sauti na mwenye sura walisimama pamoja. Mipaka ya uimbaji na uigizaji ilikuwa imefutika: haikuwezekana kusema kama lililoonekana lilikuwa onesho la muziki au sehemu ya tamthilia.

6.0 Deni Lisilolipwa

Pamoja na ubora huo, tamthilia ina udhaifu ambao wasifu wenye sifa tupu hauugusi. Baada ya tetemeko la ardhi na tsunami la tarehe 11 Machi 2011, ambalo hadithi inalikabili moja kwa moja, Suzuka anakwenda Kitasanriku kuwaimbia wakazi. Haruko anajiandaa nyuma ya pazia kumwimbia tena kwa siri. Safari hii Suzuka anaimba kwa sauti yake mwenyewe, na haikosei. Ni tukio zuri. Linawakomboa wanawake wote wawili: mmoja haazimi tena, na mwingine haazimwi tena.

Hata hivyo, sehemu za mwisho zinaharakisha upatanisho. Aramaki anamwomba Haruko radhi, kisha anakuwa mmoja wa mabwana harusi watatu katika sherehe ya pamoja: yeye na Suzuka, Haruko na mumewe wanaorudiana, na wapenzi wa tatu wa mji huo. Sheria za komedia zinaruhusu hitimisho la harusi, lakini hapa harusi inafunika hesabu. Miaka 24 ya ukimya imelipwa kwa kuinamisha kichwa. Tamthilia iliyothubutu kuuliza sauti ni mali ya nani inajibu kana kwamba mgogoro ulikuwa wa watu waliokosana, ilhali ilikwisha kutuonesha kwamba ulikuwa wa mfumo wa kazi.

Jibu kamili zaidi linapatikana katika maisha ya mwigizaji. Mwaka 2015 Koizumi alianzisha kampuni yake, Asatte, inayotayarisha pia michezo ya jukwaani, na mwaka 2018 aliondoka katika kampuni kubwa iliyomsimamia tangu ujana wake. Makala haya hayadai kwamba Haruko ndiye aliyemfundisha njia. Yanachodai ni kwamba, kwa msomaji wa taswira ya nyota, matini hizi mbili sasa haziwezi kutenganishwa.

7.0 Hitimisho

Makala yamebainisha kwamba uimbaji na uigizaji wa Koizumi Kyoko haukupokezana zamu, bali ulikwenda sambamba tangu mwaka 1985 na kukutana katika Amano Haruko. Yamebainisha pia kwamba thamani ya nafasi hiyo inatokana na uwezo wake wa kuigeuza historia ya mwimbaji kuwa hoja kuhusu umiliki wa sauti, ingawa hitimisho la tamthilia linaipunguza makali hoja hiyo. Kwa watafiti wa sanaa za maonesho, mfano huu unapendekeza kwamba tunapoandika habari za mwimbaji aliyeingia katika uigizaji, tusianze kwa kuuliza aliacha kuimba lini. Tuanze kwa kuuliza ni nani aliyekuwa ameishika sauti yake, na jina la nani liliandikwa juu ya santuri.