Kiambishi "a-" na Marehemu Joss Moody: Riwaya ya Jackie Kay Mbele ya Msomaji wa Kiswahili

Riwaya ya Trumpet ilichapishwa mwaka 1998. Mtunzi wake, Jackie Kay, alizaliwa Edinburgh mwaka 1961 kwa mama Mskoti na baba Mnaijeria. Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Joss Moody, mpiga tarumbeta mashuhuri wa jazi, amefariki. Daktari aliyeitwa kuthibitisha kifo anakuta kwamba mwili ni wa kike. Millie, mkewe, alilijua jambo hilo tangu kabla ya ndoa. Colman, mwana wao wa kulea, hakulijua. Naye Sophie Stones, mwandishi wa magazeti, analitafutia soko. Chanzo cha kisa ni maisha ya Billy Tipton, mwanamuziki wa jazi wa Marekani aliyefariki mwaka 1989, ila Kay ameyahamishia Uskoti na kumpa marehemu baba aliyetoka Afrika.

Husemwa mara kwa mara, hata katika vyumba vya mihadhara, kwamba Kiswahili hakina taabu na fasihi ya aina hii. Ngeli ya kwanza haibagui: yeye ni yeye, awe mume awe mke. Mwanafunzi wa Lubumbashi, ambaye Kifaransa humlazimisha kuchagua jinsi katika kiwakilishi na kisha kuipatanisha katika vivumishi, huona hapo amepata pumziko. Dai hilo linavutia, lakini halikupimwa kwa matini.

Likipimwa kwa Orlando ya Virginia Woolf (1928), hasara ni ndogo. Shujaa analala siku saba mjini Constantinople, anaamka mwanamke, na mtunzi anabadili kiwakilishi mbele ya macho ya msomaji kama mfanya mazingaombwe. Kwa Kiswahili sentensi ingepita kimya. Mzaha ungepotea, na msomaji angeendelea na safari yake.

Trumpet si mzaha. Humo kiwakilishi ndicho kinachogombaniwa juu ya maiti. Daktari anatoa kalamu nyekundu, anafuta neno "mwanamume" kwenye hati ya kifo na kuandika "mwanamke". Haridhiki na mwandiko wake, anafuta tena na kuliandika upya kwa herufi kubwa. Maisha ya ndoa, ya ubaba na ya muziki yanasahihishwa kama daftari la mtoto wa shule. Kila mhusika anayefuata anapomtaja marehemu, kiwakilishi anachokichagua kinaonyesha kama anakubaliana na kalamu ile au anaikataa. Mfasiri atakayeandika "a-" kila mahali, akijisifu kwamba lugha yake haina ubaguzi, atakuwa amewanyamazisha wote, Millie akiwa wa kwanza.

Hata hivyo ugomvi huo haukosi mahali pa kukaa katika Kiswahili. Unakaa kwenye kitenzi. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Atakayeandika kwamba Joss alimwoa Millie ametoa ushahidi, na atakayeandika "walioana" amekwepa kuutoa; kauli ya kutendana ni kichaka kizuri cha kujifichia. Millie hawezi kupewa kauli hiyo. Yeye aliolewa, na anayemlilia ni mume wake. Kwa upande wa Sophie Stones kuna kitenzi kilichomngojea siku zote, yaani "kujifanya". Kusema kwamba Joss alijifanya mwanamume ni kumaliza kesi kabla ya kuisikiliza. Kati ya "alijifanya", "aliishi" na "alikuwa" ndipo mfasiri atakapopimwa. Nomino zitamsaidia kidogo tu, kwani nyingi zimekwisha tiwa sumu: "shoga", ambalo wanawake wa pwani wameitana kwa upendo, limegeuzwa kuwa tusi la kuwatupia wanaume. (Mkusanyaji wa kamusi anayetoa maana moja na kuificha nyingine hamsaidii mtu.)

Kwa Colman tatizo ni neno "baba". Anahisi ameibiwa, hasira yake ndiyo sehemu ya kitabu yenye nguvu kupita zote, na wahakiki wanaoharakia upatanisho wa mwishoni huipunja. Msomaji wa Kongo hatakosa kukumbuka kwamba kwa Waluba shangazi huitwa tatu mukaji, baba wa kike. Mfano huo usivutwe mbali: tatu mukaji ni cheo cha ukoo, na shangazi anabaki mwanamke machoni pa wote, hali Joss hakuwa hivyo. Unachoonyesha ni kwamba ubaba waweza kutajwa bila kuangalia mwili. Hilo Colman, aliyelelewa na mtu asiyemzaa, alikuwa nalo mikononi tangu utotoni.

Mahali pamoja tafsiri ya Kiswahili ingeipita hata asilia. Ni Greenock, Colman anapokwenda kumwona Edith Moore, mama mzazi wa Joss. Kwa bibi huyu hakuna Joss, yupo Josephine, binti wa miaka ya nyuma. Kiingereza kinamlazimisha kutumia kiwakilishi kile kile cha kike anachotumia mwandishi wa magazeti, na msomaji inambidi ajikumbushe kwamba kinywani mwa mama hakina kejeli. Kwa Kiswahili Edith angesema "mwanangu". Colman, akiwa ameketi mbele yake, asingekuwa na neno la kusahihisha.