Jani Moja, Mizani Mbili

Jani lililo hai hunywa nuru nyekundu ili lijipikie chakula, na nuru ya infraredi, ambayo jicho la mwanadamu haliioni, huirudisha angani kwa wingi. Na juu ya tabia hiyo imesimama hisabati yote ya kupima umajani kwa setilaiti: ile nyekundu hutolewa katika infraredi, kisha baki likagawanywa kwa jumla ya zote mbili. Hisabati ni nyepesi. Taabu imo katika mizani.

Kihisi cha AVHRR cha setilaiti za NOAA za Marekani, ambacho kumbukumbu zake za umajani zaanzia 1981, kiliundwa hasa kwa ajili ya mawingu na hali ya hewa, na dirisha lake la infraredi ni pana mno, toka nanomita 725 hata 1100, likaingiza ndani yake masafa yanayonyonywa na mvuke wa maji ulio hewani. Ilhali MODIS, iliyopaa na setilaiti ya Terra Desemba 1999, ilipewa dirisha jembamba, 841 hata 876, linaloukwepa mvuke huo. Natuchukue, kwa mfano tu, nyasi za Saheli mwezi wa Agosti, zirudishazo asilimia 8 ya nuru nyekundu na 32 ya infraredi: jawabu ni 0.60. Mvuke ukiiba njiani, 32 ikafika 28, jawabu lashuka hadi 0.56, na nyasi ni zile zile. Basi mwenye kuunga miaka ya themanini na ya MODIS pasipo kusawazisha ataiona Saheli ikistawi ghafla mwaka 2000, asifu mvua kwa kazi ya chombo.

Dawa yake ilikuwa ile miaka ambayo vyombo vyote viwili viliitazama ardhi moja. Vipande vya MODIS vya mita 250 hukusanywa hata vilingane na vile vikubwa vya AVHRR, na hapa wengi huteleza: nuru ndiyo itiwe wastani kwanza, kisha ndipo igawanywe, kwani wastani wa majawabu si jawabu la wastani. Ama AVHRR, kwa kuwa haikupewa taa ya kujipimia nuru hiyo, wataalamu walilifanya jangwa la Libya, lisilobadilika sana, kuwa pishi yake.

Nawe msomaji, ukionyeshwa ramani ya umajani iliyovuka mwaka 2000, uliza kwanza vyombo viliungwa kwa miaka ipi.